Ukibwaga manyanga, faili linabaki mezani

KATIKA soka, bosi anayechunguzwa ana njia mbili za kutokea: abwage manyanga mwenyewe au asubiri kutupiwa virago. Wengi hukimbilia ya kwanza wakiamini barua ya kujiuzulu inazima moto. Kuna wakati iliuzima kweli.

Mwaka 2011, Jack Warner wa Trinidad na Tobago, makamu wa rais wa FIFA na bosi wa Concacaf, alisimamishwa kwa tuhuma za bahasha za fedha kwa viongozi wa soka wa Karibiani, wakati Mohamed bin Hammam akisaka urais wa FIFA. Juni 20 akajiuzulu. FIFA ikafunga mashauri yote ya maadili dhidi yake na kusema anabaki kuhesabiwa hana hatia. Barua moja tu, kesi kwisha! Bin Hammam aliyebaki kupambana alifungiwa maisha mwezi uliofuata.

Ilikuwa aibu, na FIFA ililijua hilo. Kanuni za maadili za 2012 ziliweka wazi kwamba mtu akiacha cheo katikati ya shauri, kamati bado ina mamlaka ya kumhukumu. Bin Hammam, ambaye alikuwa ameshinda rufaa CAS Julai 2012 kwa ushahidi kutotosha, alijiuzulu Desemba mwaka huohuo na bado akafungiwa maisha kwa mara ya pili. Warner naye walimrudia 2015, akapigwa kifungo cha maisha.

Kwa Afrika, mfano unaouma zaidi ni Kwesi Nyantakyi wa Ghana. Juni 2018 filamu ya mwandishi Anas Aremeyaw Anas ilimwonyesha akipokea dola 65,000 kutoka kwa mtu aliyejifanya mfanyabiashara. Juni 8 FIFA ilimsimamisha siku 90, na siku hiyohiyo akaachia ngazi. Haikumsaidia. Oktoba 30 alifungiwa maisha, na kilichoipunguza adhabu hadi miaka 15 ni rufaa ya CAS. Barua haikuwa na mchango wowote.

Luis Rubiales wa Hispania alianza kwa ubishi. Agosti 25, 2023, siku tano baada ya kumbusu Jenni Hermoso jukwaani Sydney, alisimama mbele ya wajumbe akirudia kwa sauti kwamba hajiuzulu ng'o. Kesho yake FIFA ikamsimamisha. Septemba 10 akaondoka mwenyewe, na Oktoba 30 akafungiwa miaka mitatu. Uchunguzi uliendelea bila yeye kuwa ofisini, na wa mahakama ya Hispania ulikuwa na njia yake.

Kwa viongozi, basi, barua inachagua tarehe ya kuondoka tu. Labda inampunguzia mtu picha za kutolewa ofisini, lakini hukumu iko palepale.

Makocha ni habari nyingine, maana kwao kuna mkataba na kuna fedha. Sam Allardyce aliondoka England Septemba 2016 kwa makubaliano ya pande mbili, akiwa na siku 67 na mechi moja, baada ya waandishi wa Telegraph kumrekodi kwa siri. Desemba hiyohiyo alikuwa Crystal Palace. Jorge Vilda yeye kibarua kiliota nyasi kabisa katika sakata la Rubiales, na mwezi uliofuata Morocco wakampa timu yao ya wanawake. Kumbe soko la makocha haliangalii sana neno lililoandikwa kwenye taarifa.

Kinachoangaliwa ni nani anamdai nani. Chini ya kanuni za FIFA, kocha wa kigeni anayetimuliwa bila sababu ya msingi anaweza kudai fidia. Anayejiuzulu bila sababu ya msingi anageuka yeye kudaiwa. Ndiyo maana mashabiki wa klabu za Tanzania wanasoma kila msimu kwamba pande mbili "zimekubaliana". Mara nyingi hakuna urafiki wowote hapo. Klabu inaogopa bili, na kocha anaogopa kusaini barua itakayomnyima madai yake, hasa kama uchunguzi haujakamilika na klabu haijathibitisha lolote dhidi yake.