Bia Haipimwi kwa Asilimia

Wanaozipenda bia za Ubelgiji na wasiotaka kuziona wanakubaliana jambo moja: kwamba bia halisi ya Ubelgiji ni nyeusi, nzito, imejaa sukari, na kilevi chake ni asilimia tisa kwenda juu. Wapenzi wanalisema kwa fahari, wenye shaka wanalisema kwa kinyaa. Imani hiyo ni potofu, na wa kulaumiwa zaidi ni wapenzi, kwa sababu wao ndio wanaomimina glasi ya kwanza.

Nililiona hilo mwaka jana hapa Brussels. Shemeji yangu alitoka Tanga kututembelea, mtu wa makamo aliyekunywa lager maisha yake yote na asiye na haraka ya kusifu kitu. Jioni ya kwanza rafiki yetu mmoja akamwekea bia nyeusi ya asilimia kumi na moja, akamwambia, "Shem, hapa ndipo kileleni." Shemeji akaonja mara mbili, akaisogeza glasi kando. "Jamani, hii ni dawa ya kifua." Akaomba Jupiler, lager ya kawaida, na kwa siku tatu hakutaka kusikia jina la bia nyingine.

Sikuona kosa lake. Bia ya namna ile ina heshima yake. Hunywewa polepole, usiku wa baridi, na mtu anayeijua. Kumwanzishia mgeni nayo ni kumkaribisha asiyekula pilipili kwa achari ya pilipili mbuzi, kisha kumsema kwamba hajui chakula.

Ukali huo una historia yake. Mwaka 1919 Ubelgiji ilipitisha sheria, inayojulikana kwa jina la waziri Émile Vandervelde, iliyozuia baa kuuza pombe kali kama jenever. Ilidumu hadi mwaka 1983. Aliyezoea kipimo chake cha jenever baada ya kazi alibaki na bia peke yake, na viwanda vikampa bia zenye nguvu zaidi. Tripel ya Westmalle, ya asilimia 9.5, ilitoka mwaka 1934, ndani ya kipindi hicho. Zilikuwa bia nzuri, na bado ni nzuri. Lakini tawi lililokua kwa msaada wa sheria limekuja kuitwa mti mzima.

Na hata kwenye tawi hilo, sukari inasingiziwa. Watu husikia kwamba Wabelgiji hutia sukari wanapopika bia, wakahitimisha kwamba kinywaji lazima kiwe na sukari. Kumbe hamira huila sukari hiyo karibu yote na kuigeuza kilevi na gesi. Mabaki ya utamu mara nyingi hutoka kwenye kimea, ambacho kina sehemu zisizoliwa na hamira ya kawaida. Ndiyo maana Duvel, yenye asilimia 8.5, hushuka kooni ikiwa nyepesi na kavu.

Lugha yetu nayo hutuchanganya. Tunasema "tamu" kwa chai yenye vijiko vitatu vya sukari, na tunasema "tamu" kwa samaki wa kupaka asiye na sukari hata chembe. Mwenye shaka anakataa utamu wa kwanza. Utamu wa pili hajawahi kuwekewa mezani.

Siku ya nne nikamwekea. Nilianza na Taras Boulba, bia ya hapahapa Brussels yenye asilimia 4.5 tu, chungu kwa hopsi, ya kukata kiu. Akamaliza glasi bila kusema neno. Nikafuata na Saison Dupont kutoka kijiji cha Tourpes, ya asilimia 6.5. Saison ni bia za mashambani kusini mwa nchi, zilizopikwa ili kuwaburudisha vibarua wa msimu. Hamira yake huacha sukari kidogo sana na povu lake hujaa. Kisha Orval, ya wamonaki, ambao kiwanda chao kilianza mwaka 1931. Humo hutiwa hamira ya porini, ile inayokula hata sukari zinazozishinda hamira nyingine, hivyo chupa huzidi kuwa kavu kadiri inavyokaa. Orval haitaki ubaridi wa barafu. Ukiigandisha unaizika harufu yake.

Mwisho nikafungua gueuze ya Cantillon, ambao wapo Anderlecht tangu mwaka 1900. Uji wa nafaka uliochemshwa humwagwa kwenye beseni pana na kuachwa wazi usiku wa baridi, hamira za hewani zikauingia zenyewe. Unakaa kwenye mapipa ya mbao, kisha wa mwaka mmoja, miwili na mitatu huchanganywa. Shemeji alinusa, akaonja, akakaa kimya kidogo. "Huu ni mnazi wa jioni," akasema.

Alikuwa sahihi. Mgema hatii hamira kwenye kibuyu. Tembo tamu la asubuhi huchacha lenyewe hadi likawa kali. Mtu wa Pwani anaijua ladha hiyo tangu zamani, ila hakuna aliyemwambia kwamba ipo hata Ubelgiji.

Wenye shaka wana haki yao pia. Bia nyingi za matunda zinazouzwa kwa watalii zimetiwa sukari mwishoni, na anayezikataa hakosei. Wala si aibu kubaki na lager. Wabelgiji wengi wenyewe hunywa lager kila siku, na Primus, inayofahamika Kinshasa, Kigali na Bujumbura, chimbuko lake ni kiwanda kilichoanzishwa na Wabelgiji Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwaka 1923. Ninachokataa ni kuihukumu nchi nzima kwa glasi moja.

Anayesema kwamba kali ndiyo bora, na awatazame wamonaki wa Chimay. Bia yao ya bluu ya asilimia 9 imezunguka dunia. Waliyojipikia wao wenyewe na wageni wao ni Dorée, ya asilimia 4.8. Waliojua kupika ile kali walichagua nyepesi kwa meza yao.

Basi wewe unayezipenda, acha kumpima mgeni kwa asilimia. Muulize anapenda uchungu, uchachu au utamu, kisha ummiminie. Na wewe uliyeonja mara moja ukakasirika, usiulize tena, "Ina asilimia ngapi?" Uliza, "Ni kavu?" Ukijibiwa ndiyo, vuta kiti.