Mashine Ikokotoapo Herufi

Mzazi mmoja wa Mfaranyaki, hapa Songea, amenilalamikia kwamba binti yake wa kidato cha tatu hufanyiwa aljebra na kompyuta. Kikokotoo cha dukani hujua tarakimu tu. Programu hizi hushika hata x na y, zikafungua mabano na kutoa jawabu kamili pasipo kukadiria.

Mnajimu Mfaransa Delaunay alikokotoa mwendo wa mwezi kwa mkono miaka 10, akahakiki kazi yake miaka 10 mingine. Mwaka 1970 wataalamu waliirudia kwa kompyuta kwa saa 20 hivi, wakakuta kosa moja, lililozaa mengine mawili. Kwa miaka 20 ya kalamu, mtu huyo astahili heshima!

Macsyma, iliyoanzwa mwaka 1968 katika chuo cha MIT, Marekani, ndiyo iliyozaa Maxima, programu ya bure. Ikishapakiwa haidai intaneti.

Nilimshauri mzazi asimnyang'anye binti. Akokotoe kwanza daftarini, ndipo aiulize mashine.

“Wakipishana?” akauliza.

“Autafute mstari ulioharibika. Chumba cha mtihani hakina Maxima.”