Twende Masingini kwa Miguu

Wako wakaazi wengi wa Mjini na Ng'ambo ambao hawajapata kukanyaga Masingini. Watu wa Bara pengine watacheka wakisikia tunaita kilima mahali pasipozidi mita 120 juu ya bahari. Lakini Unguja nzima haina palipoinuka kupita hapo, na ni kilomita chache tu kutoka Darajani. Mfanyakazi akiondoka asubuhi ya Jumapili kwa gari ya Bububu, kisha akapanda kwa miguu yake, adhuhuri atakuwa amekwisha rejea kwake.

Wazee walisema, mtembezi hula miguu yake. Walimkusudia azururaye bila ya haja. Apandaye Masingini anayo haja: anakwenda kuyatazama maji anayokunywa. Mvua inyeshayo juu ya mwinuko ule hupokewa na majani, ikashikwa na mizizi, ikazama ardhini pole pole, kisha ikatokeza chini katika chemchemi za Bububu na Mtoni. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliyavuta maji ya upande huo kwa mabomba mpaka mjini. Tangu siku hizo mji umekuwa mdeni wa msitu.

Na deni hilo lazidi. Katika hesabu ya mwaka 2012, Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Mwaka 2022 walihesabiwa 893,169. Wote hao wataka nyumba, na wote wataka maji. Haja zote mbili ni za haki, lakini hugombana pale nyumba inapojengwa juu ya ardhi inayounywesha mji. Akataye mti kwa ajili ya kuni au kiwanja hamwoni mwenzake wa Ng'ambo atakayekesha na ndoo akingoja mfereji utoe.

Msitu ule umehifadhiwa kwa sheria, na hilo ni jema. Lakini sheria yahitaji macho ya watu, na mtu hakilindi asichokijua. Kwa hivyo twashauri vyama vya wafanyakazi, skuli na vilabu vya mpira viwapeleke watu wao Masingini, kwa ruhusa ya wasimamizi wa msitu, wakapite chini ya miti na kumwona kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake. Wasiache taka wala wasivunje tawi. Atakayekwenda atajua maji ya mferejini kwake yatoka wapi, na siku atakaposikia shoka hatanyamaza.