Mfunge Ngamia Wako

Tulipokuwa tukirejea kutoka Umra, niliuangika mkoba wangu ukutani nikatawadha katika uwanja wa ndege wa ugenini. Nilipokwisha kuosha miguu, mkoba ulikuwapo, lakini pasipoti haimo. Wenzangu wakapanda ndege, nami nikabaki.

Mambo mawili yalinifaa: taarifa ya polisi niliyoiandikisha papo hapo, na nakala ya pasipoti niliyomwachia dada yangu Mombasa. Kwa hayo, ubalozi wetu ulinipa hati ya dharura ya kurejea nyumbani.

Tena, dada zangu, jihadharini: pasipoti ikisharipotiwa kuibwa hubatilishwa, na nambari yake huweza kuingizwa katika kumbukumbu za Interpol zilizoanzishwa mwaka 2002. Hata ukiipata baadaye, usisafiri nayo, usije ukazuiliwa mpakani.

Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha atawakali. Basi pasipoti na ikae kifukoni, shingoni, ndani ya buibui, hata wakati wa kutawadha. Wabillahi tawfiq.