Ukaguzi wa Majengo Yetu Usiwe wa Jicho Moja

Jumamosi alasiri, tarehe 10 Septemba 2016, ardhi ya Kagera ilitetemeka. Tetemeko hilo lenye ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 16, likabomoa nyumba nyingi za wananchi, na kuziharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Lau lingetokea Jumatatu saa nne asubuhi, wakati madarasa ya mkoa mzima yamejaa wanafunzi, leo tungekuwa na habari nyingine ya kusimulia.

Wako wanaodhani kwamba balaa lile lilikuwa la siku moja. Hilo si kweli. Rukwa ilitikiswa mwaka 1910 kwa tetemeko la 7.4, na Ziwa Tanganyika mwaka 2005 kwa tetemeko la 6.8. Bonde la Ufa lipo palepale, na shule zetu na ofisi zetu zimo ndani yake na kando yake.

Majengo mapya husimamiwa na wahandisi, nayo huzinduliwa kwa shangwe. Lakini mtumishi wa umma na mwalimu aghalabu hufanya kazi katika jengo la zamani, lililojengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, bila ule mkanda wa zege juu ya kuta ambao mafundi huuita lenta. Ukuta wa namna hiyo hubeba mzigo wa paa miaka mingi bila matata, lakini ukisukumwa kwa ubavu hufunguka kwenye kona. Kukagua jengo kama hilo hakuna utepe wa kukata, na labda ndiyo sababu kazi hiyo huahirishwa.

Jengo hilohilo lina dosari ya pili, ambayo kila mwalimu anaijua. Bati halina dari chini yake. Saa saba mchana darasa huwa tanuri, na mvua ikinyesha somo husimama kwa kelele. Katika ofisi zilizoelekezewa jua la jioni, kiyoyozi hunguruma kutwa huku madirisha yakivujisha ubaridi, na ankara ya umeme hulipwa kwa fedha ambazo zingenunua vitabu.

Hoja yetu ni kwamba mambo haya mawili yakaguliwe katika safari moja, na watu walewale. Ukuta ni ule ule na paa ni lile lile. Akija mtu wa joto peke yake, ataagiza madirisha yapanuliwe hadi karibu na kona, na pale ndipo ukuta unapohitaji nguvu zaidi. Ataweza hata kupendekeza vigae vizito badala ya bati, bila kujua kwamba uzito juu ya kuta dhaifu ni hatari ardhi inapotikisika. Akija mtu wa tetemeko peke yake, ataezua paa, atamwaga lenta, atafunga kenchi barabara, kisha atarudisha bati lilelile bila dari. Mwaka unaofuata paa litafunguliwa tena kwa fungu jingine la fedha.

Tutaambiwa kwamba fedha hazipo. Lakini hatua ya kwanza haihitaji mitambo. Mhandisi wa halmashauri akiwa na ngazi, nyundo na daftari anaweza kutenga majengo yaliyo salama na yale ya kutiliwa shaka, na haya ya pili ndiyo yapelekewe wataalamu wa kupima zege na udongo. Wakala wa Majengo, ambao umekabidhiwa majengo ya Serikali, na halmashauri, zenye shule, hazina budi kukubaliana juu ya fomu moja ya ukaguzi, yenye sehemu ya uimara na sehemu ya joto na umeme.

Wakati fomu hiyo inasubiriwa, mwalimu mkuu anaweza kuchukua penseli, kuweka alama kwenye ncha ya kila ufa wa darasa na kuandika tarehe kando yake. Ufa ukivuka alama, wanafunzi wahamishwe siku hiyohiyo, na barua iende kwa mkurugenzi.