Ajira za Wahudumu Arusha: Msituhesabie Vichwa, Tuonesheni Mikataba

Vijana wenzangu, ahadi za ajira haziishi nchi hii. Chama tawala kiliandika kwenye Ilani yake ya 2020-2025 kwamba kitazalisha ajira zisizopungua milioni 8. Sasa hivi hapa Arusha wimbo ni AFCON 2027: uwanja Olmoti, wageni watamiminika, hoteli na migahawa itajaa, vijana mtapata kazi. Sawa. Uwanja tunautaka na wageni tunawataka. Swali letu ni moja tu: kazi gani?

Kwa kijana wa Arusha asiye na mtaji wala mjomba serikalini, uhudumu ni moja ya milango michache iliyo wazi. Wengine wamesoma kabisa, VETA ya hoteli na utalii pale Njiro au Chuo cha Taifa cha Utalii. Wengine wameingia na shati jeupe, suruali nyeusi na Kiingereza cha kujaribu. Na soko lipo. Mwaka 2020, wakati wa korona, watalii wa kimataifa walioingia nchini walikuwa 620,867. Mwaka 2024 walizidi milioni 2. Kama wingi wa wageni peke yake ndiyo dawa, maisha ya mhudumu yangekuwa yameshanyooka. Mbona bado?

Kwa sababu mgeni haji na mkataba wa mhudumu mkononi. Juni mpaka Oktoba watalii wakijaa, unaitwa. Masika ikiingia unaambiwa "pumzika kwanza, tutakupigia." Hakuna notisi, na wengi hata NSSF hawajaandikishwa. Sahani ikivunjika, unakatwa. Mteja akitoroka na bili, unakatwa. Mwisho wa mwezi unaishi kwa tipu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapigwa kwa kutojua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, haimruhusu bosi kukata mshahara kwa hasira zake. Kifungu cha 28 kinasema ili ukatwe kufidia hasara, lazima uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, na upewe nafasi ya kujieleza. Hata hapo, makato hayo yasizidi robo ya mshahara wako. Sasa mteja aliyekimbia usiku wa manane ni kosa lako kivipi?

Sheria hiyohiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Ukifanya kazi siku 6 au zaidi kwa mwezi, una haki ya kupewa masharti ya ajira yako kwa maandishi. Bosi hakukuandikia? Kesi ikifika mbele, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye.

Kwa hiyo tatizo si sheria kukosekana. Tatizo ni serikali isiyosukumwa. Kima cha chini cha sekta binafsi kilichowekwa 2013 hakikuguswa mpaka Januari 2023. Karibu miaka 10! Unga, nauli na kodi ya chumba havikusubiri.

Najua watakaosema: mkibana waajiri, watapunguza watu. Hoja ina uzito kwa mwenye mgahawa mdogo anayekimbizana na leseni, kodi na tozo kila kona. Huyo serikali impunguzie mzigo. Lakini nafuu yake isitoke kwenye mshahara wa binti anayesimama saa 12 kwa siku. Karatasi ya mkataba haijawahi kufilisi mgahawa.

Tunachodai kabla ya 2027 kiko wazi. Maofisa kazi wapite migahawani na kwenye baa, si hoteli kubwa tu. Atakayepewa zabuni ya chakula au malazi ya mashindano aoneshe kwanza mikataba ya wafanyakazi wake. CHODAWU, ambacho ndicho chama cha wafanyakazi wa hoteli, kishuke mpaka kwa mhudumu wa Kijenge na Ngarenaro.

Na sisi tusikae tu kulalamika kwenye magrupu. Piga picha ratiba ya shifti. Tunza meseji za malipo. Ukifukuzwa kazi, una siku 30 kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA); madai mengine kama mshahara, siku 60. Zikipita unaanza kubembeleza kwa kuomba kuongezewa muda.

Kiongozi yeyote akija kwenye mkutano na hesabu za ajira, mnyooshee mkono umuulize: kati ya hizo, ngapi zina mkataba wa maandishi? Muulize hivyohivyo hata akiwa wa chama chetu.