Miwani ya Shilingi Milioni 12: Je, Yamfaa Askari?

Siku hizi habari za vyombo vipya hazikawii kusambaa. Jambo linalotangazwa Marekani asubuhi, jioni yake askari wa zamu aliyeko Rwekubo, katika Wilaya ya Isingiro, hulitazama kwenye simu yake ya mkononi. Miongoni mwa mambo hayo ni miwani mikubwa ya kuvaa kichwani ambayo wataalamu huiita miwani ya uhalisia mseto. Askari huiona katika picha, ikamvutia, kisha akajiuliza maswali mawili. La kwanza ni la mfuko wake: je, ajinyime au akope ili ainunue? La pili ni la kazi yake: je, ingekuwa busara vikosi vyetu kupewa chombo hicho? Maswali yote mawili ni ya haki, nayo yanastahili kujibiwa bila dharau na bila ushabiki.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya chombo chenyewe. Hii si miwani ya kuzuia jua. Mbele yake pana kamera zinazopiga picha za mahali alipo mvaaji, na ndani yake, karibu kabisa na kila jicho, pana kioo kidogo kinachomwonyesha picha hizo papo hapo, zikiwa zimechanganywa na picha nyingine zilizotungwa na kompyuta. Hivyo mvaaji huiona meza yake ya kweli, na juu ya meza hiyo huona ramani au sinema ambayo mwenzake aliye kando haioni. Huendesha kila kitu kwa kutazama na kwa kuchezesha vidole. Kampuni ya Apple iliitangaza miwani yake, Vision Pro, mwezi Juni 2023, ikaanza kuiuza nchini Marekani tarehe 2 Februari 2024. Hapana shaka ni kazi ya ufundi mkubwa. Vioo vyake viwili vina nukta zipatazo milioni 23, na picha zake ni safi kiasi cha kumsahaulisha mtu kwamba anatazama kioo.

Lakini ufundi ni jambo moja na manufaa ni jambo jingine. Bei yake ilipoanza kuuzwa ilikuwa dola 3,499, yaani zaidi ya shilingi milioni 12 za Uganda, kabla ya kuhesabu usafirishaji na ushuru. Toleo jipya lililotoka mwezi Oktoba 2025 liliwekewa bei ile ile. Mwenye macho mabovu hununua lenzi zake kwa fedha nyingine. Toleo la kwanza lina uzito wa gramu 600 hadi 650 zinazolemea uso na shingo, na betri yake, ambayo huning'inia kando kwa waya, hudumu kama saa mbili tu. Tena, katika nchi ambazo kampuni hiyo ilianza kuiuza mwaka 2024, haikuwamo hata moja ya Afrika. Maana yake ni kwamba ikiharibika Isingiro, au hata katika jiji la Mbarara, mwenye kuinunua ataitafuta karakana ng'ambo ya bahari. Kila askari anaujua mshahara wake. Achukue kalamu, agawanye mwenyewe, aone ni miezi mingapi ya jasho lake ingelala ndani ya kisanduku kimoja.

Sasa tuligeukie swali la kazi, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito. Sisi tunaamini kwamba chombo cha kazi hupimwa kwa mambo mawili. La kwanza, je, kuna upungufu unaojulikana ambao chombo hicho kinauondoa? La pili, je, kimejaribiwa na wale watakaokitumia, mahali watakapokitumia? Penye majibu mema kwa maswali hayo mawili, bei kubwa inaweza kuwa bei halali. Pasipo majibu, hata bei ndogo ni hasara. Mifano ipo, ya mbali na ya hapa kwetu.

Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani wake hawakuwa wamezoea kuruka usiku na ndani ya mawingu, na katika muda mfupi kadhaa walipoteza maisha. Upungufu ulikuwa umejionyesha wazi, tena kwa damu. Ndipo jeshi hilo lilipoamua kununua chombo cha mafunzo kilichobuniwa na Edwin Link: ndege ya mfano isiyoondoka chini, ambamo rubani hufunikwa asione nje, akajifunza kuongoza kwa kutazama saa na mishale peke yake. Katika Vita vya Pili vya Dunia maelfu ya marubani walijifunza kwa chombo hicho. Kosa lililofanyika humo halikumuua mtu.

Mfano wa pili tunao hapa nyumbani. Mwanzoni mwa mwaka 2018 zilizuka tuhuma kwamba hesabu ya wakimbizi nchini ilikuwa imevimbishwa. Hapo Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa kushirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilianza kuwahakiki wakimbizi wote kwa mashine za kusoma mboni za macho na alama za vidole. Kazi ilianza mwezi Machi na kumalizika mwezi Oktoba mwaka huo. Vitabu vilikuwa vikitaja wakimbizi wapatao milioni 1.4, waliopatikana kwa macho na vidole vyao walikuwa kama milioni 1.1. Mashine hizo hazikuwa za anasa. Upungufu ulijulikana, nao ulikuwa ni kutojua nani yupo na nani hayupo, na chombo kiliuondoa.

Mfano wa tatu unahusu miwani hii hasa, nao twawaomba ndugu askari wausome kwa makini. Mwezi Machi 2021 Jeshi la Marekani liliingia mkataba na kampuni ya Microsoft wa kupata miwani ya namna hii ipatayo 120,000 kwa muda wa miaka kumi, kwa gharama iliyoweza kufika dola bilioni 21.88. Nia ilikuwa njema: askari aone gizani, aone ramani mbele ya macho yake, na amtambue mwenzake asije akampiga risasi. Lakini majaribio ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba askari waliovaa miwani hiyo waliumwa kichwa, wakachoka macho na kusikia kichefuchefu. Wengi wa walioona taabu hiyo ilianza kuwapata kabla ya kutimia saa tatu. Aidha ilielezwa kwamba mwanga wa vioo vyake ungeweza kuonekana na adui kutoka umbali wa mamia ya mita. Kila aliyewahi kulala mavizioni anajua maana ya nuru moja ndogo usiku. Katika bajeti ya mwaka 2023 Bunge la nchi hiyo lilikataa ombi la dola milioni 400 za kununua miwani 6,900 zaidi, likaruhusu milioni 40 za kuitengeneza upya. Mwezi Februari 2025 ikatangazwa kwamba kazi hiyo ingehamishiwa kampuni nyingine, Anduril. Na miwani ya HoloLens 2 ya Microsoft, ambayo ndiyo iliyokuwa msingi wa mradi huo, ilikwisha kuachwa kutengenezwa mwaka 2024.

Tusiwacheke. Taifa lenye fedha nyingi linaweza kujikwaa, likainuka, likaendelea na safari. Sisi tukijikwaa kwa kiasi hicho tutakuwa tumeangusha na mzigo. Nasi tulikwisha kuonja ladha hiyo. Mwaka 1998 jeshi letu lilinunuliwa helikopta za kivita za aina ya Mi-24 kutoka Belarus, ambazo zilionekana hazikuwa katika hali ya kufaa kuruka. Jambo hilo likafika mbele ya tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Julia Sebutinde. Funzo lake halikuzeeka: anayelipa kabla ya kukagua amenunua mbuzi kwenye gunia.

Turudi sasa Rwekubo. Askari wa eneo hilo hufanya kazi katika wilaya yenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo yamewapokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko wapo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, pamoja na wenyeji wenye mashamba na ng'ombe wao. Kazi ya polisi katika mahali pa namna hiyo ni ipi? Ni kusikiliza mgogoro wa mpaka wa shamba kati ya mwenyeji na mgeni. Ni kumpokea mama aliyekuja usiku na shitaka ambalo hajui alisemeje, kwa kuwa lugha yake na ya askari hazikutani. Ni kutambua, kwa namna mtu anavyotazama chini, kwamba jambo analolisema silo jambo lililomleta.

Kazi hiyo hufanywa kwa uso. Wengi wa watu wa Nakivale waliyakimbia makwao kwa sababu ya watu wenye silaha, na baadhi yao hawakupata hata kuziona sura za watu hao. Mtu wa namna hiyo akifika kituoni akamkuta mtumishi wa serikali amefunikwa macho kwa kioo cheusi, hatasema. Watengenezaji wa Vision Pro walilitambua tatizo hilo, wakaweka upande wa nje kioo kinachoonyesha picha ya macho ya mvaaji. Lakini picha ya macho si macho. Mkimbizi anataka kujua kama askari anamwamini, na hilo halisomeki katika picha.

Upungufu wa kituo cha mashambani, popote kilipo, hauhitaji mtaalamu kuueleza. Kila mkuu wa kituo anaweza kuuandika kwa dakika tano: mafuta ya pikipiki, redio ya mawasiliano inayosikika, tochi, koti la mvua, mkalimani wa kuaminika. Ikiwa katika orodha hiyo kuna mstari usiojazwa, basi shilingi milioni 12 zinapo pa kwenda kabla ya kwenda kwenye miwani.

Liko pia jambo la usalama. Vision Pro ya kwanza ina kamera 12 na vinasa sauti 6, na ili ifanye kazi ni lazima ipime chumba alimo mvaaji. Mwezi Januari 2018 iligunduliwa kwamba ramani iliyotolewa hadharani na kampuni ya Strava, iliyokusanya njia za watu wanaofanya mazoezi ya kukimbia, ilikuwa imefichua kambi za kijeshi katika nchi mbalimbali. Wakimbiaji hawakuwa wapelelezi. Walikuwa askari waliovaa saa za mazoezi. Ikiwa saa ya mkononi iliweza kufanya hayo, basi kuingiza kambini chombo chenye kamera 12, hata kama ni mali ya mtu binafsi, si jambo la kuamuliwa na mwenye chombo peke yake. Aanze kwa mkuu wake.

Je, maana yake ni kwamba miwani hii haina nafasi kabisa? La, hasha. Nafasi yake ni katika mafunzo, kama ilivyokuwa kwa chombo cha Link. Fundi wa magari au wa ndege anaweza kufunzwa kufungua injini asiyokuwa nayo. Polisi wanaweza kuzoezwa kuingia katika nyumba yenye mtu mwenye silaha, wakakosea mara kumi bila mtu kuumia na bila risasi kupotea. Lakini hata kwa kazi hiyo hapana ulazima wa kuanza na kitu cha bei kubwa kuliko vyote. Miwani ya Quest 3 ya kampuni ya Meta ilianza kuuzwa mwezi Oktoba 2023 kwa dola 499. Fedha za Vision Pro moja zingetosha saba. Chuo kinaweza kuchukua chache, kikawapa wakufunzi na kuruta, kikalinganisha waliofunzwa kwa miwani na waliofunzwa kwa njia ya kawaida, kisha kikatoa taarifa ya kweli. Taarifa hiyo ikisema hapana tofauti, iheshimiwe.

Na kwa askari mwenye swali la mfuko wake, jawabu letu ni fupi. Mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, kiwe Wazalendo kwa wanajeshi au Exodus kwa polisi, ni fedha ya jasho la wenzako, nao hurudishwa kwa kukatwa mshahara mwezi hadi mwezi. Fedha hiyo ikigeuka bati za nyumba, shamba la ndizi au karo ya mtoto, makato yakiisha kitu kitakuwa kimebaki. Ikigeuka miwani, yamkini toleo jipya litatoka kabla makato hayajaisha, na la zamani halitapata mnunuzi. Kama unayo fedha ya ziada, na umekwisha kutimiza wajibu wa nyumbani, nunua upendacho, hatuna neno. Lakini usikope kwa ajili ya kushangaa.

Wauzaji watakuja, kama wanavyokuja daima, na maneno matamu na picha za kung'aa. Wasifukuzwe. Waulizwe maswali yale mawili: chombo chako kinaondoa upungufu gani wetu, na nani miongoni mwetu amekijaribu? Kisha wapelekwe Rwekubo, msimu wa mvua, usiku, askari wa zamu wakivae kwa saa sita na kuandika walichokiona. Mpaka hapo, shilingi ya kituo ikae mahali pake, na askari aendelee kumtazama raia kwa macho yake mawili.